Swichi Ukutani kwa Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sitaliandika hapa, na si kwa chuki. Kwetu Bujonde, Kyela, mke wa mtu halitamki jina hilo. Hamtazami mwenye nalo, hamsemeshi, wala hakai naye chini ya paa moja. Kutila, ndivyo tunavyoita. Nikimwona anakuja na baiskeli yake naiacha njia, naingia kwenye migomba, nainama khanga kichwani mpaka nisikie kengele imepita. Na yeye vilevile. Hakanyagi kizingiti changu, hali chakula machoni pangu. Miaka minne nimeishi hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na uso wake naujua kwa picha ya harusi tu.

Heshima hiyo nimelelewa nayo, na binti yangu nitamfundisha. Nasema mapema ili asije mtu akadhani mimi ni wale waliosoma kidogo wakaanza kuwacheka wazee. Ninachotaka kueleza ni Ijumaa moja nilipoichukua heshima hiyohiyo, nikamfungulia baba mkwe mlango aliosema ni wake.

Mwaka ule nilikuwa kwenye masomo ya jioni, shule ya msingi, kwa Mwalimu Anyisile, najiandaa kwa mtihani wa QT, ule unaomruhusu asiyesoma sekondari kufanya wa kidato cha nne. Darasa la saba nilikuwa nimeliacha zamani kwa sababu ambazo kila msichana wa bondeni anazijua. Kipindi kilianza saa kumi kikaisha jua likizama, na kazi za kufanyia nyumbani zilinisubiri nyumbani pamoja na kila kitu kingine. Tuntufye wangu alikuwa na mwaka na miezi miwili, hataki kulala ila mgongoni. Basi namfunga, nasoma nimesimama, daftari juu ya pipa la mpunga, kibatari pembeni, huku nayumba kidogo kidogo ili asizinduke. Hesabu za aljebra nimezijua kwa kuyumba.

Asubuhi nikimfuta pua, kitambaa kinatoka cheusi.

Nilimpeleka zahanati kwa kikohozi. Mganga akamsikiliza kifua, akaniuliza, "Baba wa mtoto anavuta sigara?"

"Baba yake yuko Chunya, anachimba dhahabu," nikamjibu. "Anayevuta ni mtoto."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia nipunguze moshi wa taa ndani au nipunguze kusoma. Nilirudi nyumbani na dawa ya kifua na hayo maneno mawili. Punguza moshi, punguza kusoma. Nilimtazama mwanangu amelala, kidole mdomoni, pua zimezungukwa weusi kama dohani ndogo, nikaapa kwa Kyala, Mungu wetu, kwamba moja nitalipunguza na jingine silipunguzi.

Ndipo ukaja mradi.

Lilikuja gari jeupe na bwana mmoja anaitwa Ridhwani, mtu wa Pangani, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, Kiswahili chake kama kimepakwa mafuta. Akatueleza pale ofisi ya kijiji: seti ya umeme wa jua, yaani paneli moja, betri moja na taa tatu. Mwenye nyumba analipa nusu ya bei, nusu ya pili inalipwa na mradi. Paa liwe la bati. Kaya moja seti moja. Mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa ya wiki ile, ikipita hapo bei ni ya duka, hakuna wa kukusaidia.

"Jua la Kyela?" akapaza sauti mzee mmoja kutoka nyuma. "Bwana, hapa mwezi wa nne hata bata huomba mwavuli!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Ridhwani naye akacheka. Akasema paneli inakula mwanga, haihitaji jua la kukausha kokoa, na mvua inaiosha bure.

Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu kichwani. Bati ninalo. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuja mashambani na kugombania kokoa yetu, ile miti mume wangu Eliya aliyoniachia ilikuwa imeniezekea nyumba. Na nusu ya bei ilikuwa kwenye lile pipa la mpunga, kama nikikubali kula ndizi mpaka mavuno. Nilikubali palepale, nimesimama.

Kesho yake Bwana Ridhwani alipita nyumba kwa nyumba na fomu, akiongozwa na mtendaji wetu wa kijiji, Wilson. Huyu Wilson ana daftari la kijiji ambalo analibeba kwapani kama mtoto mchanga.

"Jina la mkuu wa kaya?" Bwana Ridhwani akaniuliza, kalamu tayari.

"Hawa ni namba arobaini na saba," Wilson akadakia, anafunua daftari. "Hii nyumba na ile pale ni boma moja. Mkuu wa kaya ni mkwe wake. Mtaje, Mama Tuntufye, afisa aandike."

Nikanyamaza. Nitamtajaje?

"Dada," Bwana Ridhwani akasema kwa upole, "mkuu wa kaya yako humjui jina?"

"Analijua," Wilson akacheka. "Haruhusiwi."

Akalitaja yeye, likaandikwa. Wakaniachia nakala ya fomu, wakaenda kwa jirani. Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani nanyamaza kwa heshima, kumbe natia sahihi.

Jioni ile mama mkwe wangu, Naomi, akaja na ndizi mbivu kwenye ungo. Yeye anaingia kwangu bila shida, ndiye daraja letu. Nilijua ana neno, kwa sababu kwanza alimchukua Tuntufye, akamweka mapajani, akaanza kumhesabu vidole.

"Mugonile, mama," nikamsalimu.

"Ndaga, mwanangu. Mzee amefurahi sana kuhusu ule umeme."

"Amefurahi nini?"

"Kwamba kaya yake imeandikwa. Seti itafungwa kwake. Ukuta wake ni imara, halafu redio iko kule, na anataka na simu yake iwe inapata moto. Anasema ile nusu ya bei mtoe ninyi, wewe na Eliya, kwa kuwa yeye mwaka huu kokoa yake imeoza kwa mvua." Akaendelea haraka, macho kwenye vidole vya mtoto. "Hakusahau upande wako. Atakuvutia waya mmoja, utundike taa yako hapahapa katikati."

"Na swichi?"

"Swichi gani?"

"Ya taa yangu. Itakaa wapi?"

Alikuwa amefika kidole cha saba. "Fundi amemwambia zote zinakaa pamoja, karibu na betri. Ukutani kwake."

"Mama, mkono wangu utafikaje kwenye ukuta ule?"

"Utanituma mimi."

"Na siku ukienda kwa dada yako kule Ngana?"

Akamaliza vidole vilivyobaki. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemwaga maji ya moto taratibu, "Amesema pia saa mbili atakuwa anazima, betri isichoke. Anasema mke wa mtu hana kazi ya macho saa mbili usiku."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mpunga wangu, paneli juu ya bati lake, na mwanga wangu kwenye ukuta ambao kwa mila siwezi kuugusa mpaka mmoja wetu azikwe. Hata kama angekuwa mtu mwema kuliko wote wa bondeni, mwanga ule ungekuwa wa kuomba.

"Mama, nenda ukamwambie sikubali."

"Mwanangu! Hilo neno nitalibebaje?"

"Basi usilibebe. Litafika lenyewe."

Alikuwa binti wa watu na yeye, aliingia boma lile na miaka kumi na sita. Akamrudisha mtoto mgongoni mwangu, akamfunga vizuri kwa mikono yake, akaondoka bila ungo wake.

Usingizi wa Tuntufye ulipotulia nikachukua ile nakala ya fomu. Watu wengi husoma upande wa mbele, penye nukta za kujaza. Mwalimu Anyisile alitufundisha swali la mtihani lisomwe mpaka nyuma ya karatasi. Nyuma kulikuwa na herufi ndogo kama usipa wachanga, wale dagaa wa ziwani. Nikazisoma zote, na kati yake nikakuta mistari miwili. Wa kwanza ulisema: kaya ni mtu au watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Wa pili ulisema: siku ya uhakiki, mkuu wa kaya ataingia ndani pamoja na afisa na kumwonyesha mahali betri itakapokaa.

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne nikasoma kwa sauti, mtoto akaguna mgongoni.

Jumatano nikaenda ofisini kwa Wilson. Nikamwambia nataka kaya yangu itenganishwe kwenye daftari.

"Ahaa! QT bado hujafanya, tayari umekuwa wakili?"

"Wakili analipwa, bwana mtendaji. Mimi natukanwa bure."

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakacheka. Wilson akafunga daftari. "Sikiliza, Mama Tuntufye. Kaya haigawanywi na mwanamke. Ukitaka, mwite mumeo aje kutoka Chunya aseme mbele ya baba yake."

"Kumtafuta Chunya na kumleta hapa si kazi ya siku mbili, na uandikishaji unafungwa Ijumaa."

"Basi jua litachomoza hata Jumamosi," akasema, akajiona amesema kitu.

Nikauza mpunga. Sikumwuliza mtu. Nilizifunga zile fedha kwenye pindo la khanga, nikalala nazo.

Ijumaa, siku ya uhakiki, saa nne gari jeupe likaja, paneli zimepangwa nyuma kama madirisha yasiyo na nyumba. Watu walikuwa wengi. Jambo la kwetu likishasemwa kisimani halihitaji tangazo. Mimi nilisimama nyuma ya jiko langu la nje, mtoto mgongoni, khanga kichwani, nimeugeukia ukuta wa udongo kama inavyonipasa. Sikuona kitu. Yote ninayosimulia hapa niliyasikia kwa masikio, na mengine nilisimuliwa na mama mkwe.

Walianza kwa baba mkwe. Akamwingiza Bwana Ridhwani, akamwonyesha ukuta na msumari alioupigilia tayari kwa ajili ya swichi. Wakatoka.

"Vizuri, mzee. Hapa ndiyo kaya yote?"

"Na ile pale," nikasikia sauti ya baba mkwe. Ni sauti nzuri, ya mtu aliyeimbisha kwaya. "Nyumba ya mwanangu. Yote ni mimi. Na fedha zipo, anazo mwanamke mle."

Hatua zikaja uani kwangu. Nilishika vidole vya miguu ya mwanangu kule nyuma, vilikuwa vya moto na vimekunjika. Mtu anaweza kushika vidole vya mtoto akapata nguvu kuliko kushika rungu.

"Bwana Ridhwani," nikasema.

Ua lote likakatika sauti. Miaka minne yule mzee hakuwa amesikia sauti yangu. Mama mmoja akapiga ulimi, "Tsk! Anasema!" Mwingine akasema, "Funika mdomo, binti!"

Sikugeuka, niliuambia ukuta. "Bwana Ridhwani, naomba uwasomee watu nyuma ya fomu. Pale palipoandikwa kaya ni nini."

"Mama Tuntufye, nyamaza!" Hiyo ni sauti ya Wilson. "Unamsemesha nani hapa?"

"Namsemesha afisa. Mwingine yeyote sijamsemesha, na wala simwoni. Nautazama udongo."

Kikapita kicheko kidogo, cha wanawake. Bwana Ridhwani akageuza karatasi, nikaisikia. Akasoma. Wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja.

"Sasa uwaulize hawa majirani," nikasema. "Tangu niolewe, ni usiku gani mzee amelala chini ya bati langu? Ni siku gani amekula kwenye chungu changu nikimwona? Ni nani hapa amewahi kunisikia nikitaja jina lake? Mila hii sijaitunga mimi. Yeye ameishika, na mimi nimeishika, hakuna aliyekosea. Ila kama kweli mimi ni wa kaya yake, basi mstari wa pili unasema mkuu wa kaya aingie ndani aonyeshe betri itakaa wapi. Mkeka nimeusogeza. Mlango uko wazi. Mwambieni aingie."

Mama mkwe anasema hapo hata kuku waliacha kuparua. Mimi kuku sikuwasikia, nilisikia moyo wangu tu.

Bwana Ridhwani hakuelewa uzito wake. Yeye ni mgeni, kwake mlango ni mlango. Akasema kwa adabu yake yote ya pwani, "Basi karibu mzee, tuingie tumalize. Ni dakika moja tu."

Nikasikia hatua, moja, mbili, tatu. Viatu vyake vina chuma kwenye kisigino, nimevikimbia miaka minne, navijua. Vikafika kwenye baraza langu. Vikasimama. Ndani ya mlango, mama mkwe ananiambia, palikuwa panaonekana kitanda changu, na khanga zangu kwenye kamba, na nepi za mtoto. Mkwe mwanamume kuyaona hayo ni kama kunivua nguo mbele ya kijiji.

"Ingia, mzee," Bwana Ridhwani akarudia.

"Aingie wapi?" mzee mmoja akafoka kutoka kwenye umati. "Kijana, una wazimu? Hapo anaingiaje?"

"Lakini amesema ni kwake."

"Ni kwake, lakini haingii!"

"Haingii kwake?"

Hapo watu walishindwa kujizuia. Walicheka mpaka Tuntufye akazinduka, akaanza kulia, na mimi nikaanza kuyumba, nimeukodolea macho ule udongo, machozi yananitoka bila ruhusa.

Baba mkwe hakucheka, wala hakufoka, namshukuru kwa hilo. Nilisikia kisigino chake kikigeuka kwenye baraza. Kisha akasema, si kwangu, alisema hewani kama anavyopaswa, "Huyu amenifungia mlango kwa kuufungua."

"Unaingia au huingii, mzee?"

"Siingii."

"Basi hizi ni kaya mbili," Bwana Ridhwani akasema. Kalamu ikakwaruza. "Bwana mtendaji, naomba namba mpya."

"Mwandike Eliya basi," Wilson akajitetea. "Kaya mpya iwe ya mwanamume."

"Huyo Eliya amelala hapa lini mara ya mwisho?"

"Miezi kumi na minne iliyopita," nikaujibu ukuta. "Na sahihi mnaitaka leo."

Kurasa za daftari zikafunuliwa mpaka mwisho, mahali ambapo karatasi bado ni nyeupe. Namba mia moja kumi na mbili. Bwana Ridhwani akaipitisha fomu kwenye pembe ya jiko, mkono peke yake, bila kunitazama. Alikuwa ameanza kuelewa. Nikaweka karatasi juu ya ukuta wa udongo na kuandika jina langu kamili, Prisca, na la baba yangu, kwa herufi ambazo Mwalimu Anyisile huziita za kusimama wima. Kisha nikafungua pindo la khanga. Upande wa baba mkwe nusu ya bei haikupatikana, paneli yake ikarudi na gari.

Wazee walikaa Jumapili baada ya ibada, wakaniamuru nitoe jogoo, faini ya kupaza sauti mbele ya mkwe. Nikatoa. Alikuwa jogoo mzuri, mwekundu, sikuchagua mdogo. Wakamtuma mama mkwe aniulize kama narudisha na maneno yangu pia.

"Waambie jogoo ni wa sauti," nikasema. "Maneno yalikuwa kwenye fomu ya mradi."

Eliya aliandika kutoka Chunya baada ya mwezi. Barua ilianza kwa ukali, nadhani alikuwa amesikia habari kwa wapita njia. Katikati akauliza bati limevuja au la. Mwishoni akauliza taa ni za rangi gani. Nikamjibu ni nyeupe, na kwamba swichi iko kulia ukiingia, usawa wa kifua changu.

Tuntufye ameshaijua. Nikimbeba jioni ananyoosha kidole kabla hatujafika, anabonyeza, anapiga kelele kana kwamba yeye ndiye kaileta, kisha anazima, anawasha, mpaka namwondoa. Kitambaa cha pua kinatoka cheupe. Kukohoa bado kidogo, lakini sivyo kama zamani. Mtihani wangu ni mwezi wa kumi na moja. Nasoma nimekaa.

Na kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, mama mkwe huja na kitu kimefungwa kwenye leso. Ni simu ndogo ya Nokia, mgongo wake umeshikwa kwa mpira. Hasemi ni ya nani. Siulizi, na jina silitaji. Naichomeka kwenye betri, naiweka juu ya pipa la mpunga, na jioni inarudi kwenye leso ileile, imejaa. Hatoi kitu na sidai kitu.

Juzi ililia ikiwa kwangu. Niliitazama ikicheza juu ya pipa mpaka ikanyamaza. Sikupokea. Ile ni simu ya kaya nyingine.